Tafakari ya Juma: Namba Isiyoonekana



Juma lililopita sikuandika, na baadhi yenu mliniuliza baada ya Misa ya pili kama nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikicheza mpira wa kompyuta. Nalisema hili mwenyewe mapema kabla halijasemwa na wengine, kwa maana najua wapo walioiona taa ya ofisi ya parokia ikiwaka hadi saa tano usiku, siku tatu mfululizo, wakadhani Paroko anakagua hesabu za zaka. Mhasibu wetu angefurahi sana kama ingekuwa hivyo.

Yote yalianza kwa katibu wa vijana, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye huja ofisini jioni kwa sababu umeme wetu wa jua haukatiki. Nilimkuta ameinamia kompyuta yake, na nyuma yake wamesimama vijana wanne katika ukimya ambao sijawahi kuupata katika mafundisho ya Kipaimara. Kwenye kioo palikuwa na uwanja wa kijani uliotazamwa kutoka juu, na ndani yake vidoti ishirini na viwili vikienda huku na huko. Mchezo huo huitwa Football Manager. Ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, waliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 kwa jina jingine, na tangu hapo umekula usingizi wa vijana wengi duniani. Ndani yake hupigi mpira hata mara moja. Wewe ni kocha: unachagua watu, unapanga mfumo, unaamua nani apande na nani abaki, kisha unakaa pembeni na kutazama. Una mamlaka yote kabla ya filimbi, na karibu huna lolote baada yake. Nilimwambia mwalimu kwamba kazi ya namna hiyo naifahamu.

Kijana huyu alikuwa amejipa jukumu la kuirudisha uwanjani Uholanzi ya mwaka 1974, ile ya kocha Rinus Michels. Wenye umri wangu tuliisikia kwa walimu wetu wa seminari kama vile watu wanavyosimuliwa habari za mji uliozama. Katika Kombe la Dunia la mwaka huo timu hiyo ilicheza mechi saba, ikafunga mabao 15 na kufungwa matatu tu, na mawili kati ya hayo matatu yaliingia kwenye fainali mjini Munich, ambako Ujerumani Magharibi iliwashinda 2–1 ingawa Neeskens alikuwa amefunga penalti kabla Mjerumani yeyote hajaugusa mpira. Mwalimu alinionyesha jinsi alivyoipanga. Jongbloed, mlinda mlango aliyevaa jezi namba 8, alisimama mbali na lango lake kama beki wa ziada. Arie Haan, ambaye kwa asili ni kiungo, aliwekwa beki wa kati. Suurbier na Krol walipanda pembeni kama mawinga. Cruyff aliandikwa mshambuliaji wa kati, lakini ukimtafuta pale humwoni: amerudi katikati, amekwenda kushoto, na beki aliyepewa kazi ya kumkaba amebaki akijiuliza amfuate au abaki. Mstari wa ulinzi ulipandishwa karibu na katikati ya uwanja. Mpira ukipotea, watu watatu wanne wanamvamia aliyeupata, na walio nyuma wanatoka mbio kwa pamoja ili wapinzani waachwe wameotea.

Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. Maagizo hayo hayo aliwapa kwanza wachezaji wa timu ndogo ya Uingereza aliyokuwa akiifundisha mchezoni, nao wakafungwa matano kwa moja. Walipoagizwa kutoka pamoja, mmoja alitoka, wa pili akafikiri, wa tatu akawa kama anafunga kamba za viatu, na mshambuliaji wa upande wa pili akapita katikati yao kama mtu anayeingia sokoni. Ndipo mwalimu alipotambua kwamba Michels hakuwa na mishale tu ubaoni, alikuwa na watu. Mchezo huu una sehemu ambamo waweza kuumba watu wako mwenyewe. Unaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, mguu anaoutumia, kisha unampa namba kuanzia 1 hadi 20 katika kila jambo: mbio, pumzi, pasi, umaliziaji, ujasiri, uongozi, bidii, hata ile nia ya kutokata tamaa nayo ina kisanduku chake. Alikuwa amewaumba Waholanzi wote kumi na mmoja, na sasa walikuwa wakicheza vizuri mno.

Katika hali hiyo akaingia mzee mmoja wa baraza la parokia, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa kwa miaka mingi, kuchukua stakabadhi yake. Alitazama kidogo, akaelezwa, akauliza, "Hao Waholanzi ni ndugu zenu?" Vijana wakacheka. "Na wa Lagos mnawajua?" Wakanyamaza. Walijua kwamba Taifa Stars walifuzu kwenda Misri mwaka 2019 baada ya miaka 39. Hesabu ya miaka walikuwa nayo, watu hawakuwa nao.

Mimi nilizaliwa mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya Lagos, na majina hayo niliyakuta nyumbani kama nilivyovikuta vyungu na mikeka. Marehemu baba yangu, mkulima wa kahawa, aliyataja wakati wa kumenya kahawa mbichi, akiyafuatisha na mzunguko wa mashine. Kwa wasio na kumbukumbu hiyo nieleze kwa kifupi. Mwaka 1979 nchi yetu ilikuwa imetoka tu vitani na Idi Amin. Sabuni ilikuwa adimu, na betri za redio zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku moja zaidi. Katika mwaka huo Taifa Stars waliifunga Zambia bao moja kwa bila Dar es Salaam, wakaenda Ndola wakihitaji sare, na Peter Tino akafunga bao lililoleta 1–1. Hivyo Tanzania ikaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, Machi 1980, Nigeria. Kocha alikuwa Mpoland, Slawomir Wolk, na pamoja naye Joel Bendera. Walifungwa na wenyeji 3–1, wakafungwa na Misri 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast, wakarudi nyumbani na pointi moja. Nigeria, chini ya kocha Mbrazili Otto Glória, ndiyo iliyotwaa kombe.

Mzee alisema, "Basi muwaumbe hao." Ndivyo taa ya ofisi ilivyoanza kuwaka hadi usiku.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya Waholanzi, kwa sababu mechi za Waholanzi zipo kwenye picha, waweza kuzitazama hadi uchoke. Sisi tulikuwa na wazee watatu (yule wa kwanza alileta wenzake wawili), na wote watatu waliiona Lagos kwa masikio. Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa macho yao. Nilijifunza kwamba mtangazaji wa redio hana winga mzito. Kila aliyepata mpira pembeni alikuwa "anachanja mbuga", hivyo wazee walitaka kila mmoja apewe 18 ya mbio. Kwa Juma Pondamali langoni hawakubishana, wala kwa Leodegar Tenga na Jella Mtagwa katikati ya ulinzi. Tenga, ambaye baadaye aliliongoza shirikisho letu la soka kuanzia mwaka 2004 hadi 2013, alipewa 19 ya uongozi, na mzee wa tatu akauliza kwa nini si 20. Mwalimu akamjibu kwamba ishirini ni ya wachache sana duniani. "Na wewe unawajua wote wa duniani?" Ikaandikwa 20. Kwa Omari Hussein palitokea ugomvi wa kweli. Jina lake la utani lilikuwa Keegan, kwa yule Mwingereza, na mzee mmoja alisisitiza kwamba mtu hapewi jina la namna hiyo bure, hivyo apewe namba zile zile za Keegan mwenyewe. Thuwein Ally, aliyewafunga Wanigeria kwao, alipewa umaliziaji wa 17 na wote wakapiga makofi kana kwamba amefunga tena.

Wanigeria nao tuliwaumba: Christian Chukwu nahodha, Muda Lawal kiungo, Segun Odegbami pembeni. Tuliwapa haki yao. Usiku wa pili tukaichezesha mechi ya ufunguzi.

Tukafungwa sita kwa bila.

Tukarudia. Tano kwa bila. Mara ya tatu sita kwa moja, na bao letu lilikuwa la kujifunga kwa beki wao. Mzee akakasirika kabisa. "Ilikuwa tatu kwa moja! Hiyo mashine yenu inasema uongo." Mwalimu akapekua, akafungua ukurasa mwingine ambao sikuwa nimeuona. Chini ya namba zote tulizogombania kwa siku mbili kulikuwa na mbili nyingine ambazo mchezaji wa kawaida wa mchezo huu haonyeshwi kamwe. Ya kwanza ni uwezo wa mtu kwa jumla hivi leo, kati ya 1 na 200. Ya pili ni kikomo chake, yaani pale atakapoweza kufika maishani mwake. Afanye mazoezi, apate kocha bora, apendwe, ahame, hawezi kuvuka hapo. Mwalimu alikuwa amezijaza mwenyewe usiku wa kwanza ili kuokoa muda. Wote, kuanzia Pondamali hadi Tino, walikuwa na 70, na kikomo 75.

Nilimwuliza, "Kwa nini sabini?"

Akanijibu bila ubaya wowote, "Baba, ni Tanzania. Na ni zamani."

Mzee hakulielewa jambo lile upesi, au labda alilielewa kuliko sisi, maana alichukua kofia yake akaaga. Mimi nilibaki nimekaa. Vijana walidhani nimechoka.

Wapendwa, wale mliosoma nami Peramiho mnakumbuka jinsi tulivyohangaika na Mtakatifu Augustino na suala la watu kuamuliwa mwisho wao tangu awali. Mtihani niliufaulu. Niliandika vizuri kwamba Kanisa halifundishi kwamba Mungu amemwandikia mtu yeyote kupotea, na kwamba uhuru wa mwanadamu si mchezo wa kuigiza. Lakini kisanduku kile kilinirudisha kwenye chumba kingine na kalamu nyingine.

Mwaka 2011, nikiwa na miaka miwili tu ya upadre, nilitumwa kufundisha katika seminari ndogo na kuwa mlezi wa kidato cha pili. Alikuwapo kijana wa ziwani, kutoka vijiji vya kusini mwa Liuli. Hakuwa mkorofi, hakuchelewa sala, aliimba sauti ya tatu vizuri. Lakini ukimwuliza swali darasani kwa Kiingereza, alitazama dirishani kwanza. Alitazama kwa muda hata wengine wakaanza kucheka, ndipo ajibu, na mara nyingi nilikuwa nimekwisha kumpa swali mwingine. Mezani petu walimu kulikuwa na usemi kwamba watoto wa ziwani ni wepesi wa maji, wazito wa darasa. Sikuuanzisha mimi, lakini niliucheka, na nilikuja nao darasani bila kujua kwamba nimeubeba. Mwisho wa mwaka nililetewa fomu. Niliandika: "Ana tabia njema, ila uwezo wake umefika kikomo." Baraza la walezi halikujadili sana. Kijana aliambiwa asirudi. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Narudi kwenye mpira, maana najua mnangoja.

Usiku wa tatu wazee walirudi, hata yule aliyekasirika. Mwalimu alitaka kurekebisha, akawapandisha wote hadi 160. Tukawapiga Nigeria nne kwa bila, tukawapiga Misri, tukachukua kombe. Vijana walishangilia hata mlinzi akaja kuchungulia. Mzee alitikisa kichwa. "Hao si wale," akasema. "Wale walichoka. Kipindi cha pili unasikia kabisa kwa sauti ya mtangazaji kwamba wamechoka, halafu wanaendelea." Hapo nikaona jinsi tulivyokuwa tumekosea mara mbili. Kwanza tuliwapa uwezo wa walioshindwa kwa kuwa tulijua walishindwa, kisha tukawapa wa washindi kwa kuwa tuliwapenda. Mara zote mbili tulianzia mwisho wa habari tukarudi nyuma kumwandika mtu.

Nikamwuliza mwalimu kama kile kisanduku cha kikomo ni lazima kijazwe. Akasema si lazima. Ukiandika sifuri, mchezo hujipangia wenyewe, na kila ukianza upya mtu yule yule anakuja na kipimo kingine. Makocha wa kompyuta hawaipendi hiyo sifuri, kwa sababu wanataka kujua mapema fedha zao zinakwenda wapi. Tukaandika sifuri kwa wote. Uwezo wa siku ile tukauweka katikati, tukaacha kuwahesabu, tukaanza kuupanga mpira wenyewe.

Hapa ndipo mzee wa ushirika alipotufaa. Alisema tuache Lagos kwanza, tuanze na Ndola, mahali walipohitaji sare tu. Aliuliza kwa nini tumewapanga mabeki wanne katika mstari ulionyooka kama askari. Mwalimu akasema hivyo ndivyo Waholanzi walivyofanya, ili kutega watu waotee. Mzee akachukua karatasi, akachora mlima wetu na mashimo ya ngolo. Ninyi nyote mnalijua shamba la ngolo, na wageni wanaosoma ukurasa huu nawaeleza kwamba ndilo kilimo cha Wamatengo tangu mababu: mteremko mzima unachimbwa mashimo yaliyopishana, ili mvua isipate njia moja ya kushukia. Maji yakilivuka shimo la juu, la chini linayapokea, na udongo haubebwi. "Mkiwa dhaifu," akasema, "msiwe ukuta. Ukuta ukipasuka pamoja, umekwisha. Muwe ngolo." Mwalimu akaelewa mara moja. Akamweka Tenga nyuma kidogo ya Mtagwa, akawazuia mabeki wa pembeni wasipande kwa wakati mmoja, akamshusha kiungo mmoja mbele ya walinzi, akaacha uwanja wote wa juu kwa Zambia. Mbele akamwacha Tino karibu peke yake.

Sidai kwamba Wolk na Bendera walipanga hivyo. Nilichokiona ni kwamba vidoti vile vilianza kufanana na watu niliosimuliwa na baba. Tulifungwa moja kwa bila, mbili kwa bila, tukafungwa tena moja. Katika mara ya saba, dakika ya 71, ikawa 1–1, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Aliyefunga hakuwa Tino, alikuwa Mtagwa kwa kichwa kutokana na kona. Tulimtazama mzee tukitarajia atasema tena kwamba mashine ni mwongo. Alikuwa akifuta miwani yake. "Acheni hivyo hivyo," akasema, "Tino hatakasirika."

Jumanne iliyofuata nilishuka ziwani. Nilikuwa na sababu ya kikanisa, mkutano wa mapadre jirani, na ningeweza kurudi siku ile ile, maana barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay sasa ni lami na safari ile iliyokuwa ikitumeza siku nzima nyakati za mvua imekuwa fupi. Lakini sikurudi. Nilikuwa najua alipo. Nilikuwa nimemwona miaka michache nyuma, niliposaidia Misa ya Pasaka katika kigango chao. Alinibebea begi siku ile hadi garini, akaniambia "Safari njema, Baba", nami nikampa mkono nikaondoka. Sisi wawili tulijua, na hakuna aliyesema.

Nilimkuta ufukweni chini ya mwembe, anatengeneza injini ya boti. Ni fundi anayetegemewa hadi vijiji vya mbali. Vichanja vya usipa vilikuwa vimejaa, na wanawake walikuwa wakiwafukuza kunguru. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia kwamba mwaka 2011 niliandika maneno juu yake ambayo sikuwa na haki ya kuyaandika, kwamba sikumpima, nilimkisia tu, na kwamba nimekuja kumwomba msamaha.

Hakujibu. Alitazama ziwani. Nikakumbuka dirisha la darasa. Safari hii nilingoja, na nikiri kwamba ilikuwa ndefu.

"Ile ripoti sikuwahi kuisoma, Baba," akasema hatimaye. "Hata sikujua imeandikwa nini. Mimi nakumbuka ile asubuhi. Tulikuwa watatu tunaorudishwa. Walezi wote walitoka nje kutuaga kwenye gari. Wewe ulikuwa dirishani, juu. Nilikuona. Nikadhani kuna kitu nimekukosea. Nilirudi nyumbani nikakaa karibu mwaka mzima nikikitafuta."

Nilikuwa dirishani. Ni kweli. Nilijiambia wakati ule kwamba sitaki kumwongezea uchungu.

Nilimwambia kwamba hakunikosea kitu. Akaitikia kwa kichwa. Sikusikia neno "nimekusamehe", na nisingependa msomaji yeyote alitie mwenyewe. Alisema, "Nimesikia, Baba," kisha akaniomba nishike mfuniko wa injini wakati anafunga nati, kwa kuwa kijana wake wa kazi alikuwa amekwenda kununua mafuta. Nikashika. Injini ilikataa mara mbili, ikawaka ya tatu. Nilipoondoka alinifungia mbasa wawili kwenye majani ya mgomba. Alipoulizwa na mama mmoja mimi ni nani, akasema, "Mwalimu wangu."

Nimerudi Mbinga na mezani pangu kuna fomu. Ni ya kijana wa parokia hii anayeomba kuingia seminari ndogo mwakani. Nisiseme zaidi, asije akatambulika. Fomu ina visanduku vitatu mbele ya maneno "uwezo wa kuendelea": mdogo, wa wastani, mkubwa. Walimu wake wamenipigia simu na kunishauri nitie alama ya wastani, ili asije akakataliwa wala kuniaibisha. Ni watu wema, na hawanishauri kwa ubaya, kama mwalimu wetu alivyoandika 70 bila ubaya. Mimi nimemwona kijana huyo Dominika kwa Dominika kwa miaka mitatu, akibeba msalaba, nami bado sijawahi kuongea naye zaidi ya dakika tano. Nimechukua karatasi nyeupe nikaibana nyuma ya fomu. Mpaka leo Alhamisi karatasi hiyo ina jina lake tu.

Wazee wanataka sasa tuanze na Majimaji ya Songea, ile ya miaka ya 1980, na mzee wa ushirika amekwisha kuleta daftari lenye majina. Nimewaomba wangoje kidogo. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Kijana nimemwita Jumamosi saa nne, aje na baba yake, na nimemwambia mwalimu kwamba siku hiyo ofisini hakuna mpira.